Karo la Wakwe

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani inayochelewa na keki yenye jina langu lililokosewa herufi mbili. Niliila hivyohivyo, maana keki ilikuwa tamu. Kisha yule binti wa maabara akanishika mkono akasema, "Babu Kamilius, tuandikie ya zamani. Sisi tumeikuta kazi ina mashine." Nimekubali kwa sababu tangu nistaafu nashinda nyumbani, na watu wa nyumbani wameanza kuniuliza, kwa upole sana, kama sina rafiki wa kumtembelea.

Nani alipanda cheo na nani alirukwa sitayaandika. Hayo yamo kwenye majalada, na mchwa wa ofisi wameshayasoma. Nitaandika ya enzi za Mwingereza, nilipoanza, na zaidi nitaandika juu ya karo moja la maji machafu. Siku hizi kazi yetu ina majina marefu ya semina. Wakati ule iliitwa kazi ya mavi, na neno hilo nitalitumia bila kulifunika kitambaa. Kama mnaona haya kulisoma, ombeni uhamisho mwende idara ya posta.

Kazi nilianzia kwenye kituo kidogo cha serikali ufukweni mwa Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Umatengo. Wenyewe tulikiita Stesheni, ingawa treni haijawahi kufika huko. Kulikuwa na gati la mbao, stoo, nyumba ya Bwana Shauri, Mzungu mtawala wa kituo, juu ya kilima, na kota za watumishi zilizojipanga kwenye mteremko kuelekea ziwani: karani wa bandari, dresa, askari, karani wa mahakama na wengine wa namna hiyo. Kota zilitumia vyoo vya ndoo. Ndoo zilibebwa na topasi, naye alikuwa akitoroka kila baada ya mvua za kwanza. Akishatoroka, watu walijisaidia kwenye matete ya mto, na akina mama walichota maji kwenye mto huohuo.

Mimi nilishuka kutoka milimani upande wa Litembo, kijana mwenye cheti cha darasa la nne na mabega. Cheti hakuna aliyekiangalia. Msimamizi wa vibarua alikuwa Mzee Hosea, Mnyasa wa palepale pwani ya ziwa, mwashi, mtu mfupi mwenye kofia ya kitambaa asiyoivua hata kanisani mpaka padri akohoe. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akaitika marahaba, akanitazama mikono. "Mmatengo wewe? Basi unajua kuchimba." Akanipa sururu, akanionyesha vijiti viwili kwenye mteremko, akaniambia nichimbe mfereji wa maji machafu kutoka hiki mpaka kile. Kisha akaenda zake gatini.

Wale mliozaliwa mijini niwaeleze. Sisi Wamatengo tunalima milimani kwa ngolo, yaani mashimo yaliyopangwa shamba zima na matuta yakiyazunguka, ili mvua ikinyesha maji yakae, yasibebe udongo. Mtoto wa kwetu hujifunza hilo kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Basi nikapewa mteremko na maji na sururu. Aliporudi Mzee Hosea alikuta sijachimba mfereji, nimechimba ngolo, mashimo mazuri kabisa yamekaa kwa mistari, na maji machafu ya kota nzima yametulia humo kama mali ya urithi. Akayazunguka, akayatazama moja moja. "Mwanangu," akasema, "serikali imekuajiri uyapitishe haya. Wewe umeyawekea nyumba."

Hakunifukuza. Alisema mtu anayekosea kwa unadhifu kiasi kile atafundishika. Alinifundisha pimamaji, timazi, na jinsi ya kulaza bomba la udongo bila kulivunja shingo. Alinifundisha jambo ambalo bado nawaona mkilikosea: mteremko wa bomba ukiwa mkali mno, maji yanakimbia na kuacha mzigo nyuma, ukiwa mdogo mno, vyote vinakaa. Kama unataka kujua kasi nzuri, alisema, fikiria mwendo wa mtu anayetoka kanisani na si mwendo wa anayekwenda kuupokea mshahara. Alinikataza kuwasha kiberiti juu ya chemba iliyofunguliwa, na alinionyesha nyusi zake, ambazo upande mmoja hazikuwahi kuota tena.

Hapo ndipo nilipomwona Benedikta. Alikuwa binti wa Bwana Damiani, dresa wa zahanati ya kituo, watu wa milimani kama mimi, wakiishi kota namba tano. Sitaeleza uzuri wake kwa sababu atasoma karatasi hizi na atasema nimezidisha au nimepunguza. Nilimpenda, naye hakunikimbia. Kikwazo kilikuwa mama yake, Mama Otilia, mwanamke mrefu, mnyamavu, aliyefua mashuka ya zahanati mpaka yakaogopesha. Siku moja aliniona ninatoka mferejini nina kiu, akanipa maji kwenye kikombe cha bati. Nilipokirudisha alikipokea kwa ncha za vidole viwili, akakitundika kwenye uzio nje ya nyumba. Kikombe kile hakikurudi jikoni.

Nilimtuma Mzee Hosea awe mshenga wangu apeleke posa. Jibu la Mama Otilia lilikuja fupi. Fundi wa mabomba, watafikiri. Mbeba ndoo, hapana, hata akija na ng'ombe wa Ungoni nzima. Hapo mtaelewa kwa nini habari ya karo niliipokea kama habari ya wokovu wangu mwenyewe.

Karo lililetwa na mhandisi kutoka Songea, tuliyemwita Bwana Pimamaji kwa kuwa alitembea nacho kifaa hicho mfukoni hata Jumapili, na inasemekana alikiweka juu ya meza kabla ya kula. Nawaambia ukweli, kazi yake aliijua. Alitaka ndoo zife. Kila nyumba ipate choo cha kumwagia maji, bomba moja kubwa lishuke katikati ya kota likikusanya ya nyumba zote, liingie kwenye karo lenye vyumba viwili: cha kwanza tope lishuke chini na utando upande juu, cha pili maji yatulie. Kisha maji yapite kwenye kitanda cha mawe, yateleze kidogokidogo, yaishie kwenye matete yakiwa safi. Na karo lingekuwa na mwangalizi wake wa kupima tope na kuparaza mawe. Mwangalizi huyo ningekuwa mimi, fundi kamili, na nyumba namba saba ingekuwa yangu.

Tulijenga kiangazi chote. Mabomba yaliletwa kwa lori kutoka Songea, kisha yakaletwa tena yaleyale, idadi ileile, kwa sababu ofisi ilijibu barua moja mara mbili. Ya pili tuliyapanga nyuma ya stoo na kuyafunika nyasi.

Siku ya kufungua, watu wote wa kota walikuja na nguo za sikukuu. Bwana Pimamaji alitaka kueleza mwenyewe, kwa Kiswahili chake. Kama angenyamaza, nisingekuwa na la kuandika. Alipanda juu ya mfuniko wa karo, akanyoosha mikono yote miwili.

"Sikia," akasema. "Zamani kila mtu nakwenda peke yake, mbali, kama fisi. Sasa hapana! Kitu ya baba, kitu ya mama, kitu ya mke ya mtoto, yote naingia bomba moja. Yote nakutana hapa chini. Nakaa pamoja, nalala pamoja, kama ndugu!"

Bwana Elia, karani wa bandari, aligeuka akalitazama ziwa kama mtu anayesubiri meli. Mkamwana wake, mke wa mwanawe aliyekuwa karani wa mahakama nyumba ya jirani, alivuta kanga akafunika uso mzima. Askari na mama mkwe wake waliachana kwa hatua kadhaa, kila mmoja upande wake. Kisha wakapiga makofi, maana Bwana akimaliza hotuba hupigiwa makofi.

Kwetu mlimani na kwao ziwani jambo hilo ni moja. Baba mkwe na mkamwana hawachangii choo. Mwanamume akikutana na mama mkwe wake njiani anapisha, na akiwa na akili anapisha mapema. Sasa serikali ilikuwa imechukua wakwe wote wa Stesheni, na kwenye Stesheni ndogo kila mtu ni mkwe wa mwenzake, ikawakutanisha chini ya ardhi. Mimi na Mzee Hosea ndio tuliolaza bomba lile, na hatukuwaza kabisa. Fundi akilitazama bomba anaona mteremko, haoni watu.

Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyetumia vyoo vile. Wala hakuna aliyesema kwa nini, kwa sababu ili useme lazima umtaje mkweo na choo katika sentensi moja, na hilo lenyewe ni mwiko mkubwa kuliko ule wa kwanza. Bwana Pimamaji alipouliza, waliitika kwa furaha. "Choo kizuri sana, Bwana. Tunashukuru, Bwana." Na walikitunza kweli. Walifagia, walipaka chokaa. Bwana Elia alikausha usipa wake, wale dagaa wa ziwani, juu ya bati la choo kisha akawahifadhi ndani, akasema tangu aanze kula usipa hajapata stoo isiyoingia panya kama ile. Asubuhi mapema watu wote wakashika njia ya mateteni, wanaume juu na wanawake chini, kila mtu akijifanya hakumwona mwenzake.

Karoni yaliingia maji ya kunawa tu. Kila wiki nilifunga kitambaa cheupe kwenye ufito mrefu, nikauzamisha mpaka chini ili tope lichore alama tuisome. Kitambaa kilitoka cheupe. Mzee Hosea alikitazama akasema, "Hiki ungeweza kukipeleka madhabahuni."

Bwana Pimamaji alikuja kila mwezi, akachota maji kwenye mlango wa kutokea, akayaona meupe, akayanusa, akakosa harufu. Alisema wadudu wadogo wanaokula uchafu wamekubali nchi yetu kuliko walivyokubali kwao Ulaya. Akaandika Dar es Salaam. Hakukuwa na mtu mwenye furaha kama yeye katika jimbo zima, na sisi ambao tungeweza kumwambia tulikuwa tumefungwa midomo na mama wakwe zetu, mimi na wa kwangu ambaye hata hakuwa wangu bado.

Dar es Salaam ikaja yenyewe. Alikuja Bwana Mkubwa wa afya, kwa gari, kupitia Mbinga na ile barabara ya kushuka milimani, akafika ana rangi ya ndizi mbichi. Alipumzika kidogo, kisha akaenda karoni akaomba gilasi. Akachota, akainua kwenye jua, na mbele ya macho yetu akanywa funda moja. Akatikisa kichwa kwa mshangao. Maji ya karo letu, karani akatutafsiria, yalikuwa mazuri kuliko aliyopewa kwenye nyumba ya wageni Songea. Hilo silibishi.

Kisha akasema neno lililonikata maini. Karo linalojiendesha vizuri hivi halihitaji mwangalizi. Mwezi ujao kijana huyu apelekwe Songea, ambako ndoo zinakosa wabebaji. Bwana Shauri akakubali, na Bwana Pimamaji, ambaye alinipenda, akakubali pia, kwa sababu kukataa kungekuwa kusema kuna kasoro.

Basi angalieni nilipofika. Karo lingeshindwa, ningebeba ndoo. Karo limefaulu, nabeba ndoo. Na mbeba ndoo hampati Benedikta. Njia ilikuwa moja tu: watu wa kota waanze kujisaidia mahali serikali ilipowajengea, tope lishuke, mawe yachafuke, pawe na kazi ya mtu kufanya. Sijawahi kutamani mavi ya watu kama nilivyoyatamani mwezi ule. Nilikwenda kwa Bwana Elia kwa heshima zote, nikamwuliza kama choo chake kina tatizo lolote la kifundi. Akanijibu, "Hakina, kijana. Usipa hawalalamiki."

Nilimwendea Mzee Hosea nikamwambia basi, posa irudi, nimeshindwa. Alivuta kofia ikafunika zile nyusi. "Nchi hii," akasema, "ina mtu mmoja anayeruhusiwa kubeba maneno kati ya wakwe. Nani?"

"Mshenga, Mzee."

"Na mimi ni nani?"

Jumapili mchana alikwenda namba tano. Mchumba hakai kikaoni, nami sikukaa. Ila mfereji wa nyuma ya nyumba ile ulihitaji kusafishwa sana siku hiyo, na kuta za kota zilikuwa hazifiki kwenye bati. Bwana Damiani alimkaribisha mshenga kwenye kiti cha zahanati. Mama Otilia alikuwa chumba cha ndani, lakini sauti yake haikuwa ndani.

Baada ya salamu, habari za kahawa na habari za mvua, yeye ndiye aliyeanza. "Baba Benedikta, muulize mshenga. Mtoto wetu akiolewa ataishi wapi?"

"Anauliza ataishi wapi," akasema Bwana Damiani, ingawa mshenga hakuwa kiziwi.

"Nyumba namba saba, Mama."

"Na sisi tupo tano. Bomba la saba linapita wapi?"

Nikaacha kuparaza. Mzee Hosea akakohoa. "Linaingia kwenye lile kubwa, Mama. Na la kwenu pia."

"Kwa hiyo nitakuwa ninakutana na mkwe wangu kila asubuhi, mimi na umri huu, na mapadri walionibatiza."

Nikatamani ardhi ipasuke, na kwa kuwa nilikuwa mferejini sikuwa mbali nayo. Lakini neno lilikuwa limetoka. Miezi yote ile kota nzima ililimeza, na sasa lilikuwa limekaa mezani kati ya watu wazima, kwa njia halali ya posa.

"Tukilaza bomba la kila nyumba peke yake?" akauliza Mzee Hosea. "La tano lisigusane na la saba mpaka chini?"

"Chini si litakuta karo?" akasema Bwana Damiani. "Humo ndani si yatachanganyika?"

Mzee Hosea akajaribu mfano. "Bwana Dresa, ukinyoa nywele, zikianguka chini ni za nani?"

"Zangu. Nazikusanya nazifukia. Ulitaka niziache wachukue wabaya wangu?"

Mfano huo ukafa. Mzee akajaribu mwingine. "Haya. Ukilipa kodi bomani, ile shilingi ikishaingia sandukuni ni ya nani?"

"Ya serikali."

"Na mkweo akilipa yake, zikilaliana humo sandukuni, mmevunja mwiko?"

Bwana Damiani alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri taratibu, ndiyo maana wagonjwa wake walipona au walikwenda kwingine. "Hapana," akasema. "Zile si zetu tena. Ni za serikali, na serikali haina mkwe."

Kutoka chumba cha ndani Mama Otilia akasema, "Basi serikali yenyewe itamke. Kwa mdomo wake, watu wote wasikie. Ikitamka, nitafikiri habari ya kijana."

Tulianza na mabomba. Mzee Hosea alimngoja Bwana Pimamaji aje, akamwambia kwa huruma kubwa kwamba anasikia mkaguzi wa stoo yuko njiani kutoka Songea, na yale mabomba yaliyoletwa mara mbili bado yako chini ya nyasi, yanaonekana ukisimama gatini. Bwana Pimamaji akawa mwekundu mpaka masikioni. "Fukia!" akasema. "Yote! Upesi!"

"Tuyafukie wapi, Bwana?"

"Popote!"

Tukayafukia. Tuliyafukia kwa mistari iliyonyooka, kwa mteremko wa mtu anayetoka kanisani, bomba moja kutoka kila nyumba mpaka kwenye ukuta wa karo, na kila bomba likapata mdomo wake. Ndiyo kazi ya siri iliyo nadhifu kuliko zote nilizowahi kufanya, na mkienda kuchimba pale leo mtayakuta hayajasogea hata unene wa kidole.

Ikabaki serikali kutamka. Bwana Shauri wetu alikuwa kijana sana, ametoka shuleni kwao juzijuzi, na barazani alipenda maswali mafupi. Watu walijaa kuliko kawaida, na alijisikia vizuri. Mzee Hosea akasimama, na safari hii kofia aliivua bila kukoholewa.

"Bwana, tunauliza. Vitu vya vyooni, vikishaingia kwenye karo, vinakuwa mali ya nani?"

Bwana Shauri akamtazama kwa shaka. Nadhani alidhani kuna watu wanataka kuiba mbolea kwa ajili ya bustani zao za kabichi. Akapiga meza. "Ni mali ya Mfalme!"

Badala ya makofi kukawa na minong'ono. Nilikuwa karibu na Bwana Elia, nikamsikia akimwambia jirani yake, "Mfalme ana mke."

"Basi ana mama mkwe," jirani akajibu, na habari hiyo ikatembea baraza zima mpaka nyuma walikoketi wanawake. Mama Otilia alikuwa anasimama aondoke.

Mzee Hosea alikuwa bado wima. "Samahani, Bwana. Ni ya Mfalme mwenyewe, yeye na ukoo wake, au ni ya serikali?"

"Serikali!" akafoka Bwana Shauri. "Yote ya serikali! Ikishaingia humo si ya mtu! Atakayesema ni yake nitamfunga!"

Makofi yaliyopigwa siku hiyo sijayasikia hata kwenye sherehe za Uhuru. Akina mama walipiga vigelegele. Askari wa mlangoni alipiga saluti bila kuamriwa. Bwana Shauri alisimama pale anatabasamu, mwekundu, na nilisikia baadaye kwamba aliwaandikia wazazi wake kuwa ana kipawa cha kuwahutubia wenyeji.

Asubuhi iliyofuata usipa walihamia kwenye mabati ya jikoni. Mimi na Mzee Hosea tulisimama karoni, tumefungua mfuniko, tunasikiliza. Bomba la nyumba ya kwanza likasema kitu. Kisha la tatu, kisha la nne, kisha la tano likashusha maji kwa heshima, polepole, nikageuza uso haraka nikatazama mlimani. Mzee Hosea akaniambia, "Usigeuke. Ya serikali hayo."

Wiki chache baadaye kilitoka kilichotakiwa kutoka. Maji ya mlangoni yalikuwa meusi, na upepo wa ziwa ukapeleka harufu moja kwa moja kwenye baraza ya Bwana Shauri wakati wa chai. Bwana Pimamaji aliitwa mbio. Alichota, akanusa, akaketi juu ya mfuniko kichwa mikononi. Alijua fika kinachotokea: karo jipya linapoanza kula lazima linuke, na mawe lazima yaote utelezi kabla hayajasafisha kitu. Alitueleza vizuri, kwa vidole. Tatizo lake lilikuwa kwamba angeandika Dar es Salaam kuwa karo limeanza kazi, wangemwuliza lile walilolisifu lilikuwa linafanya nini. Kwa hiyo aliandika kwamba karo ni hodari mno, na kitu hodari kiasi hicho hakiwezi kuachwa bila mtu wa kulishika. Safari yangu ya Songea ikafutwa.

Yeye mwenyewe alihamishwa kabla maji hayajawa meupe. Yalipokuwa meupe kweli, na matete ya mlangoni yakanenepa, hakuna Bwana Mkubwa aliyekuja na gilasi. Bwana Damiani alinisimamisha siku moja akaniambia, akitazama viatu vyake kwa sababu tayari alikuwa baba mkwe wangu, kwamba watoto wanaoharisha damu wamepungua mlangoni pake. Nilimpelekea habari hizo Bwana Pimamaji kwa barua. Hakujibu, au jibu lilikwenda mara mbili mahali pengine.

Tulifunga ndoa milimani baada ya mavuno ya kahawa. Mama Otilia alikuwa ametoa idhini, lakini idhini na moyo ni vitu viwili, nami nilikuwa nimeuona moyo wake kwenye uzio. Baada ya harusi hakuwa na ruhusa ya kunisemesha, wala mimi yeye, na nilidhani ananyamaza kwa sababu mbili wakati wakwe wengine wananyamaza kwa moja.

Ikafika siku yangu ya kwanza ya kupima tope nikiwa mume wa mtu. Niliona mlango wa namba tano umefungwa tangu asubuhi. Nikazamisha ufito, kitambaa kikatoka na alama nene nyeusi, nzuri ajabu. Nikakoroga, nikaparaza mawe, nikajirushia nusu ya kazi kwenye suruali. Jua lilipopinda nilirudi nyumbani kwa njia ya kuzunguka, chini kwa chini, nisipite mbele ya namba tano na harufu ile. Nilikuwa ninaona aibu kwa ajili ya Benedikta, na nilikuwa nimeamua kwamba nitakula nje, peke yangu, siku zote za kupima.

Mlangoni pa namba saba palikuwa na beseni la maji ya moto, yanatoa mvuke, majani ya mlimau yanaelea ndani, na kando yake mche mzima wa sabuni haujakatwa. Benedikta alikuwa ameegemea mlango.

"Umejisumbua, mke wangu," nikamwambia.

"Si mimi. Mama kaja kaweka, kaondoka sasa hivi alipokuona chini kule."

"Kasema nini?"

Benedikta akacheka, akaiga sauti ile ya chumba cha ndani. "Kasema, mfanyakazi wa serikali akitoka kazini anawe, aingie ndani, ale mezani. Na samaki, mbasa, kakaanga yeye."

Nilinawa mpaka viwikoni, polepole, machozi yananitoka, na mke wangu akiendelea kunicheka. Kisha nikaingia nikala.